Mwenye Kipara Ndiye Aliyetumwa Saluni

Naomba nianze kwa kujieleza: mimi nina kipara. Kipara halali, si cha kunyoa kwa mtindo. Kilikuja nikiwa na miaka 29 kama mgeni wa siku mbili, leo kimeshahamia na ukoo wake mzima. Bajeti yangu ya nywele kwa mwaka ni wembe na mafuta ya kujipaka baada ya kuoga. Sasa niambieni, katika nyumba ya watu watatu, nani alipewa kazi ya kutafuta saluni ya nywele za Kiafrika hapa Uingereza?

Mama Neema ni nesi. Zamu zake zilipohamishiwa usiku, akabandika maagizo matatu kwenye mlango wa friji. La kwanza: mtoto ale mboga. La pili: alale saa mbili. La tatu lilikuwa neno moja tu, kwa herufi kubwa, limepigiwa mstari: NYWELE. Picha za shule zilikuwa zinakuja baada ya wiki tatu.

Nikasema, nywele tu? Dada zangu kule Muheza walisukwa barazani. Mama juu ya kigoda, dada chini kwenye mkeka, mkono mmoja unasuka na mwingine unafukuza kuku, nusu saa twende kilioni imekwisha. Mtindo wenyewe una jina hilo kwa sababu msiba ukitangazwa, unasukwa na gari la msibani bado unaliwahi. Na mimi nilikuwa pale pale naangalia. Shida ni kwamba niliangalia kama abiria anavyoangalia injini ya basi. Halafu hata hicho nilichokiona kilikuwa cha likizo tu, maana shule ikifunguliwa dada wote walinyolewa, tukawa tunafanana.

Jumamosi asubuhi nikamkalisha Neema sebuleni. Nikashika chanuo, nikachana. Kavu. Kutoka kwenye ngozi kwenda nje. Wanaojua najua mmeshajishika vichwa. Chanuo liling'oka meno matatu, na moja hatujaliona mpaka leo. Neema akapiga yowe, mpaka jirani yetu, mzee wa Kiingereza ambaye kwa miaka mitano mazungumzo yetu yamekuwa ya mvua tu, akaja kubisha hodi kuuliza kama tuko salama. Nikamwambia namchana mtoto nywele. Akatazama chanuo mkononi, akatazama kichwa changu kinavyong'aa, akaondoka kinyumenyume. Hakuniamini, na mimi nisingeniamini.

Yowe hilohilo lilimwamsha mama mtu, aliyekuwa amelala kwa saa moja na nusu. Akatokea kwenye ngazi na khanga kichwani.

"Baba Neema, umelowesha?"

"Kulowesha nini?"

Akanyamaza muda mrefu, ule ukimya wa mwanamke anayepitia upya maamuzi yake ya mwaka wa harusi. Kisha akanieleza, bila kupumua: unalowesha kwanza, unapaka kondishena, unagawa mafungu manne, unaanzia kwenye ncha unapanda juu taratibu, ukimaliza unapaka mafuta. Kwa nini mafuta yote hayo? Kwa sababu nywele zetu zimejikunja, na mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayafiki kwenye ncha. Hapo nilielewa mara moja. Ni ile barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto. Mafuta yanaanza safari na nia nzuri kabisa, kona ya nne yanatapika, yanateremka.

Na bado maji ya hapa Kent, jimbo letu la kusini mashariki mwa Uingereza. Ardhi chini ina chokaa tele, birika ukilichemshia mwezi mmoja linaota magamba meupe ndani. Maji hayohayo ndiyo yanamwagwa kwenye kichwa cha mtoto, halafu tunashangaa kwa nini nywele zimekakamaa kama brashi ya viatu.

"Mpeleke saluni," akasema mama mtu, akarudi kulala.

Mji wetu mdogo una baa nne, saluni sita, na kinyozi wa Kituruki kila baada ya hatua kumi. Nikaingia saluni ya kwanza, nzuri, ina maua na muziki wa taratibu. Dada wa mapokezi alipomwona Neema akatabasamu, akaenda nyuma kumwita mkubwa wake. Mkubwa akatoka na uso wa daktari anayeleta majibu ya vipimo. Akasema kwa upole mkubwa kwamba nywele hizi wao hawakufundishwa. Ya pili, vilevile. Ya tatu walisema wanaweza "kujaribu", nikamshika mwanangu mkono tukatoka. Majaribio nimeshafanya mimi, tena bure.

Nikaja kugundua kwamba hawanidanganyi. Ilikuwa mpaka mwaka 2021 ndipo nchi hii ilipobadilisha viwango vya mafunzo ya ususi, nywele za Kiafrika zikaingia kwenye somo. 2021! Watu weusi wametoka Jamaica na meli kuja kuishi huku mwaka 1948, na vichwa vyao juu ya shingo, vinaonekana. Yule dada mwenye maua alimaliza chuo kabla ya hapo, na mpaka hao wa mtaala mpya wafike kwenye mji wetu, Neema atakuwa na mvi.

Nikapeleka kilio kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa huku. Kundi hilo ukiuliza habari ya mchango wa msiba, kimya, watu wote simu zimezima chaji. Uliza nywele uone. Ujumbe 43 kwa dakika kumi. Mmoja anasema mnyoe tu, mbona sisi tulinyolewa. Mwingine anasema shangazi yake anasuka, yuko Birmingham, na kutoka kwetu Birmingham ni safari ya kufungia chakula. Mwingine akatuma dua. Mwisho dada mmoja akanitumia faraghani ukurasa wa msusi wa Instagram, "huyu ni moto, kaka."

Kweli picha zake zilikuwa moto. Nikafungua masharti. Jamani, mimi nimepanga nyumba nchi hii na sikuwahi kupewa masharti ya namna ile. Uje nywele zimeoshwa. Ziwe zimekaushwa na kunyooshwa kwa draya. Ziwe zimechanwa, zisiwe na mafuta. Uje na rasta zako mwenyewe, zimeshachambuliwa. Usije na mtu wa ziada. Usile. Ukichelewa dakika 15 unalipa pauni 15, ukichelewa nusu saa umeghairi, na advansi ya pauni 40 hairudi.

Sasa dada yangu, nikishaosha, nikakausha, nikachana, nikanunua na kuchambua rasta, nimeshindwa nini tena? Si ni kama kwenda mgahawani na wali ulioiva na kuku wa kukaanga, halafu unalipa bili ya kupakuliwa? Na huyo "mtu wa ziada" ni mimi, baba wa mtoto wa miaka minane. Nikae wapi, juu ya mti?

Basi Jumamosi ya wiki ya pili tukapanda treni kwenda Peckham, kusini mwa London. Ukitoka tu kituo cha Peckham Rye, ukaingia barabara ya Rye Lane, unasikia mwili umelegea. Ndizi mbichi zimelala barazani, viazi vikuu vikubwa kama magogo, samaki wakavu wanakuangalia, mtu anahubiri kwa kipaza sauti. Maduka ya nywele kila upande, rasta zimening'inia ukutani kama mizoga buchani. Akina mama wanamwona Neema kutoka mbali, "Hair, darling? Braids?" Kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani, watu wanagombania kichwa cha mwanangu! Nikajisikia kama abiria wa Ubungo enzi zile, wapiga debe wananivuta mikono yote miwili.

Tuliyemfuata alituingiza kwenye duka la simu, tukapita nyuma ya kaunta, tukapanda ngazi. Juu kuna chumba chenye viti vinane na wateja kumi na mmoja. Akapiga simu, na hapo nikasikia lugha yangu: "Papa, msusi iko nakuya. Ikala pale."

Mkongo! Nikafurahi mpaka nikataka kumkumbatia. Furaha ilidumu saa moja na robo. Maana hilo "iko nakuya" nalijua, ni ndugu wa damu wa ile "nakuja" yetu, ambayo mtu anakuambia huku anachukua kofia yake anaondoka. Msusi mwenyewe alifika akitokea Croydon, ana chipsi mkononi. Akashika kichwa cha Neema, akakizungusha, akaniangalia.

"Ni nani alimuchana huyu mutoto?"

Chumba kizima kikanyamaza. Nikasema ni mama yake. Neema akasema, "Ni baba." Huyu mtoto nimemlisha kwa jasho langu.

Kuna benchi pale la wanaume. Tulikuwa watatu: mimi, Mghana mzee aliyelala kinywa wazi, na kijana wa Nigeria aliyekuwa amekaa tangu asubuhi akimsubiri mchumba, sasa anatazama ukuta tu. Saa tano tulikaa. Kichwa kimoja kilishikwa na wasusi watatu kwa zamu, mmoja akisuka, mmoja akila, mmoja akiwa kwenye simu na Lubumbashi. Bei tuliyopatana chini ilikuwa pauni 60, bei ya mtoto. Juu ikawa 85, maana "mutoto ni mudogo lakini nywele yake iko ya mama." Shanga pauni 5. Nikiongeza nauli, naweza kumsomesha mtoto muhula mzima Muheza na sare juu.

Lakini kazi, nisiwe mchoyo wa maneno, kazi ilikuwa kazi. Mistari imenyooka kama reli. Neema alitikisa shanga njia nzima mpaka nyumbani, na kwenye picha ya shule anacheka kiasi kwamba macho hayaonekani.

Wiki sita baadaye zikahitaji kufumuliwa. Nikazifumua mwenyewe, usiku tatu mfululizo, mtoto kwenye katuni na mimi na chanuo la mkia, vidole vimevimba. Nikalowesha. Nikagawa mafungu manne. Nikaanzia kwenye ncha. Halafu, kwa kuwa ile nauli ilikuwa bado inaniuma, nikawasha video kwenye simu nikajaribu twende kilioni. Ilichukua saa nne, msiba ungekuwa umeshafika arobaini, na mstari wa tatu ulipinda kidogo kuelekea sikioni. Mama Neema alitoka zamu, akaikuta, akakaa chini kwenye kapeti akacheka mpaka akalia. Kisha akaipiga picha akaitupia kwenye kundi.

Tangu juzi wanaume wanne wamenitafuta faraghani. Wote sauti ya chini: "Kaka, samahani, ni wewe ndiye umesuka? Wangu ana picha ya shule Alhamisi."

Nimewajibu wote ujumbe mmoja. Aje nywele zimeoshwa. Ziwe zimekaushwa na kuchanwa. Asije na mtu wa ziada. Advansi hairudi.