Kosa la mmoja, mtandao wa wote

Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, dalali mmoja ninayemfahamu hupiga picha mahindi kiganjani, juani, ili ukavu wa punje uonekane. Picha inarushwa WhatsApp kwa wanunuzi wa Dar na Arusha, na bei hupatana kabla lori halijawashwa. Intaneti ilipozimwa nchi nzima 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, akabaki na maneno matupu. Na mahindi hayanunuliwi kwa maneno.

Serikali ina hoja ya kufunga mitandao, na si ya kubeza. Mei 2025 X (zamani Twitter) ilipofungwa, Jerry Silaa, Waziri wa Mawasiliano wakati huo, alieleza kwamba mtandao huo unaruhusu maudhui ya ngono, kinyume cha sheria zetu. Mama ambaye picha ya utupu ya binti yake inazunguka kwenye magrupu hataki kuhubiriwa uhuru wa maoni. Anataka ifutwe leo. Kampuni iko Marekani, polisi wa Dodoma hawawezi kwenda kuipigia hodi. Tena siku ya vurugu, uongo mmoja unaweza kuua mtu kabla hakimu hajavaa joho.

Ila tazama dawa yenyewe. Anayetafuta ngono anaingia kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi, usiku ule ule. Anayebaki nje ni mtu anayeogopa sheria, maana tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilishatangaza kwamba VPN lazima isajiliwe. Matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanatumia meseji za kawaida, hawahitaji hata bando. Na siku zile za Oktoba, huku Dodoma, uvumi haukupungua hata kidogo. Ulihama kwenye simu ukaenda vijiweni, ambako hakuna wa kuukanusha, na wazazi wenye watoto wanaosoma Dar wakawa wanaokota habari barabarani.

Kinachoniuma zaidi ni ada. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni 2 ili aanze kihalali. Baadaye ada ilishushwa, lakini kijana wa Bahi anayetaka kuandika kuhusu kisima kibovu cha kijiji chake alishaambiwa kwamba kusema kuna kiingilio. Hiyo haimzuii tapeli. Inamzuia maskini.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyopitishwa na Bunge hapa hapa Dodoma, tayari inaadhibu ponografia na habari za uongo. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Najua mahakama zetu huenda taratibu. Basi Bunge litunge utaratibu wa dharura: anayetaka kufunga mtandao aende kwa jaji siku hiyo hiyo, ataje kosa, ataje mkosaji, na aseme utafunguliwa lini.