Tiba shufaa ianze siku ya kutia sahihi fomu ya majaribio

Huku Mombasa, neno "hospisi", yaani huduma ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, likitajwa kando ya kitanda, jamaa hutazamana. Wanaelewa kwamba daktari amenawa mikono. Basi mgonjwa wa saratani iliyoenea akialikwa Nairobi kwenye majaribio ya awamu ya kwanza ya dawa mpya, tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na dalili nyingine, huwekwa kando, kana kwamba ni lazima achague moja. Kwangu mimi hilo ni kosa kubwa.

Awamu ya kwanza haikusudii kuponya. Inatafuta dozi ambayo mwili unaihimili. Kwa mtindo uliozoeleka, watu watatu hupewa dozi moja. Wakimaliza mzunguko wa kwanza, mara nyingi siku 21 au 28, bila madhara makubwa, watatu wengine hupewa dozi ya juu zaidi. Akidhurika mmoja, huongezwa watatu kwa dozi ileile. Wakidhurika wawili, kupandisha husimama. Watu ni wachache mno. Dalili moja ikifichwa, wanaofuata ndio watakaobeba mzigo wake.

Na dalili hufichwa sana, maana mgonjwa anaogopa kwamba akisema anaumwa ataondolewa.

Tazama mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Mtu mzima kwa kawaida huanza na miligramu 5 kila baada ya saa 4, na ya kulalia huwa maradufu ili maumivu yasimwamshe. Asipopewa dawa ya kulainisha choo, bisakodili au sena, tangu siku ileile ya kwanza, baada ya siku chache tumbo limefunga, kichefuchefu kimempanda, uji haumshuki. Muuguzi wa utafiti anaandika "kichefuchefu", na dawa mpya inasingiziwa kosa la choo. Saratani ya mlango wa kizazi nayo huweza kubana mirija ya mkojo; figo zikilegea, mabaki ya mofini hujilimbikiza mwilini na mgonjwa husinzia kupita kiasi. Hapo dozi ya mofini hupunguzwa au nafasi kati ya dozi huongezwa.

Lakini wahudumu wa tiba shufaa nao wana la kujifunza. Deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, huamsha hamu ya kula, ila huweza kulifanya ini livunje haraka baadhi ya dawa za majaribio, na tafiti nyingi za dawa za kuamsha kinga hazikubali steroidi inayozidi kiwango cha miligramu 10 za prednisoloni kwa siku. Kwa hiyo orodha ya dawa zilizokatazwa isafiri na mgonjwa, nakala moja ibaki hospisi.

Chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, katika mwongozo wake wa 2024, kinataka wagonjwa wa awamu ya kwanza wapelekwe kwa wataalamu wa tiba shufaa. Sioni sababu ya sisi kungoja.

Kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa, jamaa waulize: maumivu yakimshika saa nane za usiku akiwa Likoni hapa Mombasa, na watafiti wako Nairobi, nani atapokea simu? Namba hiyo iandikwe juu ya chupa ya mofini.