Wanyama Angani: Hisi ya Mizani Huharibika au Hujifunza Upya?

Mwaka 1973 samaki wawili wadogo aina ya mummichog walipelekwa kwenye kituo cha anga cha Skylab ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji. Siku za mwanzo waliogelea kwa kubingirika, mzunguko baada ya mzunguko. Baada ya takriban wiki tatu walitulia wakielekeza migongo kwenye mwanga, lakini mfuko ulipotikiswa, walianza tena kubingirika.

Wanaoamini kwamba mwili huzoea hali ya kutohisi uzito hutazama ule utulivu. Wenye shaka hutazama kule kutikiswa. Ndani ya sikio la samaki, kama letu, mna chembe za chokaa zinazokaa juu ya vinyweleo vya seli, na mnyama anapoinama, uzito wa chembe hizo huvipinda vinyweleo na neva hupeleka habari ubongoni. Chombo kinachoizunguka dunia huwa kinaanguka pamoja na vyote vilivyomo, kwa hiyo chembe hazielemei upande wowote, ingawa mvutano wa dunia haujatoweka.

Hoja ya mazoea ina nguvu. Vyura wawili waliorushwa na NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1970 walionyesha mabadiliko katika neva za mizani, kisha hali ikarejea kawaida ndani ya siku chache wakiwa bado angani. Samaki wengine waliosafiri na chombo cha Columbia mwaka 1998 walirudi neva zao zikiitikia mwendo kupita kiasi, nazo zikatulia baada ya takriban siku moja. Kwangu hayo si madhara: ni kama mtu anayezidi kutega sikio pale sauti inapofifia.

Hata hivyo, wote hao walikwenda wakiwa wamekwisha kukomaa. Konyeza waliokulia angani mwaka 1991, ambao nao hutegemea vijiwe vidogo kujua juu na chini, waliporudishwa duniani, walioshindwa kuogelea sawasawa walikuwa wengi zaidi kuliko miongoni mwa wenzao waliobaki. Hapo ndipo ninapoegemea upande wa wenye shaka. Vifaranga wa samaki walioanguliwa Skylab waliogelea vizuri, na mara nyingi hutajwa kama ushahidi wa wepesi wa kuzoea, lakini hawakuwahi kuogelea wakiwa na uzito, hivyo hawakuwa na cha kusahau. Mtihani wao ungekuwa siku ya kutua.