Kutopima si woga

Tangu Septemba 2025, wenye ugonjwa wa Huntington katika ukoo wao, maradhi ya kurithi yanayoharibu ubongo, hawaachwi wapumue. Mwezi huo watafiti wa University College London na kampuni ya uniQure walitangaza kwamba AMT-130, tiba ya jeni inayotiwa ndani ya ubongo kwa upasuaji wa saa nyingi, ilipunguza mwendo wa ugonjwa kwa asilimia 75 katika miaka 3. Habari kubwa kweli, ingawa waliofikia muda huo kwa dozi ya juu ni wagonjwa 12 tu. Ikafuatwa na amri: mtoto wa mgonjwa akapime kama ameirithi jeni ya ugonjwa, asipopima ni mwoga, au hawajali wanawe. Mombasa amri hiyo huja kwa simu ya shangazi aliye ng'ambo, na shangazi hajibiwi.

Wanaohimiza wana hoja. Jeni yenyewe, iliyo kwenye kromosomu ya 4, imejulikana tangu 1993: herufi za DNA, CAG, hurudiwa kupita kiasi, na mwenye marudio 40 au zaidi ataugua akijaaliwa umri wa kawaida. Kila mtoto wa mgonjwa ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Seli za ubongo huanza kuharibika kabla dalili hazijaonekana, hivyo tiba ikichelewa hukuta kidogo cha kuokoa. Hayo hayana ubishi.

Lakini kuna hesabu moja ambayo wahimizaji huipita haraka. Kabla kipimo hakijapatikana, watoto wa wagonjwa walipoulizwa kama wangetaka kujua, wengi walisema ndiyo. Kipimo kilipokuja, waliojitokeza wakawa takriban mmoja kati ya watano, na mahali pengi hata hawakufika hapo. Nazungumzia Ulaya na Kanada, ambako mshauri huketi nawe kabla damu haijatolewa, na ukibadili nia siku ya majibu unaruhusiwa kwenda zako. Wanne katika watano, na msaada wote huo, wakasema hapana. Hawa si watu wasioujua ugonjwa. Ndio waliomlisha mama uji kijiko kwa kijiko huku shingo ikimruka, wakingoja ameze la kwanza ndipo watie la pili, kwa kuogopa asipaliwe. Ukiniambia wamekosa elimu, nitakuuliza elimu ipi imebaki.

Nancy Wexler alifiwa na mama yake kwa Huntington mwaka 1978. Yeye ndiye aliyeongoza utafiti wa koo za kando ya ziwa Maracaibo, Venezuela, uliowawezesha wanasayansi kuifikia jeni. Kwa miaka mingi alikataa kusema hadharani kama mwenyewe amepima. Mwaka 2020, akiwa na miaka 74, ndipo alipotangaza kuwa anaugua. Huyo naye tumwite mwoga wa sayansi?

Linalonisumbua zaidi ni kwamba majibu haya hayawi ya mtu mmoja. Chukua kijana wa Kisauni ambaye babu yake mzaa baba alikufa kwa Huntington. Baba ana miaka 45, mzima, anaendesha matatu, na amesema wazi hataki kujua. Kijana akipima na jeni ikaonekana, imetoka kwa baba. Hakuna njia nyingine. Baba amepimwa bila kutoa tone la damu. Sasa mtie kijana huyo katika nyumba ya ukoo, ambamo mnakula sinia moja, arudi kutoka Nairobi na bahasha mfukoni, halafu aufiche uso wake kwa baba kila magharibi, mwaka baada ya mwaka. Wanaosema "ni uamuzi wake binafsi" hawajaishi nyumba kama hiyo.

Pwani tunaijua selimundu, na wengi hudhani hii ni hivyo hivyo. Sivyo. Mtoto akigunduliwa na selimundu mapema kuna penisilini, kuna haidroksiyurea, kuna la kufanya kesho asubuhi. Tena Huntington haihitaji wazazi wawili wala ndoa ya binamu. Mzazi mmoja anatosha. (Mabinamu wamebebeshwa lawama nyingi zisizo zao.)

Hoja ya posa ndiyo nzito kwangu. Binti anayeposwa ana haki ya kuambiwa kwamba ugonjwa huu upo katika ukoo, na kumficha ni dhuluma. Ila kuambiwa ugonjwa upo ni jambo moja, na kumtaka mchumba alete cheti cha jeni ni jambo jingine. La kwanza nalidai. La pili silikubali.

Na tunapima nini hasa? Huku wazee wengi walikufa bila ugonjwa kupewa jina: huyu aliitwa mlevi kwa mwendo wake wa kuyumba, hali hajaonja pombe, yule akanyweshwa kombe kwa kudhaniwa ana majini. Mwaka 2001 iligunduliwa jeni nyingine, JPH3 kwenye kromosomu ya 16, inayoleta ugonjwa unaofanana sana na Huntington, na karibu wagonjwa wake wote wanaojulikana wana asili ya Kiafrika. Kipimo cha Huntington hakiioni. Kijana anaweza kuambiwa hana kitu, kumbe ukoo wake ulikuwa na hii ya pili. Kwa hiyo anayestahili kupelekwa hospitali kwanza ni mzazi anayetetemeka leo, si mwanawe aliye mzima, na madaktari bingwa wa neva wengi wako Nairobi.

Utafiti nao haulazimishi mtu kujua. Enroll-HD, utafiti mkubwa unaofuatilia koo hizi, hupokea hata asiyejua hali yake: damu hupimwa kwa kazi ya watafiti, yeye haambiwi majibu. Vituo vyake viko Ulaya, Amerika, Australia na New Zealand. Mtu wa Likoni aliye tayari kujitolea kwa masharti hayo hana pa kwenda.