Guangzhou Si Soko Tu

Watu wetu wakirudi kutoka Guangzhou, China, stori ni zilezile: bei za mzigo, ajenti, kontena. Nami nilikwenda kufuata mzigo, lakini kilichonigusa zaidi ni meza ya chai. Naamini tunakosa jambo kubwa tunapoupita mji ule kwa mwendo wa sokoni.

Asubuhi wenyeji hujaa migahawani kwa yum cha, yaani chai na vitafunio: kamba waliofungwa kwenye unga mwembamba, miguu ya kuku ya mvuke, maandazi laini yenye nyama ndani. Babu yuko na gazeti lake, wajukuu pembeni. Kabla ya kula, vikombe, bakuli na vijiti husuuzwa mezani hapohapo kwa chai ya moto, na ile chai ikamwagwa kwenye bakuli kubwa. Mwenye birika hajianzi mwenyewe. Humimina kwa wenzake, mkubwa wao kwanza. Anayemiminiwa hakatizi mazungumzo. Anagonga meza taratibu kwa vidole viwili, na shukrani imefika. Wanasimulia kwamba Qianlong, mfalme wa China wa zamani, akisafiri kwa kujificha, alimmiminia mtumishi wake chai. Kupiga magoti kungemfichua bwana wake, basi akakunja vidole mezani. Hiyo ni hadithi ya wenyeji, lakini inaonyesha wanavyoithamini heshima ndogo kama hiyo.

Birika likiisha, kifuniko huachwa wazi, na mhudumu huja kuongeza maji bila kuitwa.

Kwa Waislamu, nguruwe yumo katika vitafunio vingi, kwa hiyo ni lazima kuuliza. Migahawa ya Waislamu ya tambi za kuvuta kwa mkono haikosekani. Na Ijumaa nendeni msikiti wa Xianxian, penye kaburi ambalo wenyeji hulinasibisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Mchina, Mwarabu na Mwafrika wanapanga safu moja. Nilifurahi mno kuliona hilo kwa macho yangu.

Maonyesho ya Canton, yaani maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yamekuwepo tangu 1957, na kila Aprili na Oktoba wafanyabiashara wetu huyaendea. Wanaojiandaa sasa, nawasihi: mwenye kiwanda akikualika chai, usikimbilie bei. Kaa, mimina, muulize habari za wazazi wake. Maduka mengi ya jumla yenyewe hayafunguliwi alfajiri.