Dolly hakuwa wa kwanza
Eti Dolly Parton, mwimbaji wa Marekani, ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza kwa wimbo mmoja chati ya kantri (muziki wenye asili ya mashambani Marekani) na ile kuu ya Billboard, jarida linalopanga nyimbo zinazovuma huko? Hapana. "9 to 5" ilifika huko 1981, lakini Jeannie C. Riley alishatangulia 1968 na "Harper Valley P.T.A.", utunzi wa Tom T. Hall. Katika wimbo huo, mjane analetewa barua ya kamati ya wazazi, anasemwa kwa sketi zake fupi. Naye anatinga mkutanoni na sketi ile ile, anawaanika mmoja mmoja, walevi kwa wazinzi. Mipasho kamili, ila kwa magitaa ya Nashville, mji wa kantri! Au redio zetu zimetuzoesha Dolly peke yake?