Mpangaji Mwenye Masharti

Siku niliyothibitishiwa kazi mjini Berlin, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kununua daftari. Mke wangu, ambaye tulikubaliana kwamba angenifuata pamoja na watoto baada ya miezi minne, nyumba ikishakuwa tayari, aliniagiza niandike humo masharti ya nyumba tunayoitaka, nami nikayaandika kwa wino mwekundu ili yasije yakasahaulika: iwe karibu na kituo cha treni, iingize jua, iwe na vyumba vitatu vya kulala, iwe katika mtaa wenye utulivu, na jiko liwe kubwa. Kisha nikatandaza ramani ya jiji mezani na kuizungushia penseli mitaa iliyonipendeza, Prenzlauer Berg kwa ajili ya miti yake, Kreuzberg kwa ajili ya mfereji wake, na Charlottenburg kwa kuwa jina lenyewe tu lilinikaa vizuri mdomoni. Nilikuwa kama mtu anayechagua nazi, anayezitikisa sikioni moja baada ya nyingine na kuzirudisha kwa dharau.

Daftari hilo ninalo hadi leo. Nimeliweka chini ya mguu mfupi wa meza.

Hakuna aliyenitahadharisha kwamba katika jiji lile mtu hachagui nyumba, bali huiposa, na wazazi wa bibi harusi si watu wa kuchezewa. Zaidi ya nusu ya wakazi wa Ujerumani ni wapangaji, na katika Berlin wapangaji ni wengi zaidi, kwa hiyo nyumba ikitangazwa asubuhi, jioni wachumba wamekwisha kujipanga. Ya kwanza niliyokwenda kuitazama ilikuwa ghorofa ya nne, nami mkia wa foleni niliukuta nje, kwenye lango la barabarani. Kila aliyekuwa mbele yangu alikuwa ameshika jalada lililopangwa vizuri. Mimi nilikuwa nimeshika mwavuli. Nilipofika mlangoni, miguu ikiwa imekufa ganzi, dalali aliniuliza kwa upole ziko wapi hati zangu za mshahara za miezi mitatu iliyopita, iko wapi barua ya mwenye nyumba wangu wa awali ya kuthibitisha kwamba hanidai, na kiko wapi cheti cha kuonyesha kwamba mimi si mtu wa madeni sugu. Nikamjibu kwamba nina siku kumi na moja tu nchini na sijapata hata nafasi ya kukopa. Alinitazama kwa huruma ile wanayotazamwa nayo wachumba waliokuja kuposa peke yao, bila mshenga.

Nikaamua kuzitafuta hati hizo, na hapo ndipo nilipoanza kuzunguka kama ngamia wa kinu. Cheti cha madeni hutokana na kumbukumbu za mtu katika benki na kampuni za nchini. Benki niliyoiendea ikataka kwanza cheti cha makazi. Cheti cha makazi hutolewa baada ya usajili ambao wenyewe huuita Anmeldung, na ambao sheria inamtaka kila anayehamia nyumba aufanye ndani ya wiki mbili. Lakini ofisi ya wilaya haimsajili mtu asiyeleta karatasi iliyotiwa saini na mwenye nyumba. Na mwenye nyumba, kabla hajatia saini chochote, anataka kuona cheti cha madeni. Niliuchora mduara huo katika ukurasa wa pili wa daftari, nikautazama kwa muda mrefu, na nikakiri kwamba aliyeubuni alikuwa fundi.

Wakati huo nilikuwa nikiishi katika chumba cha kijana mmoja aliyekuwa safarini, ambaye alinipangisha kwa makubaliano kwamba nisijisajili hapo na nisibandike jina langu popote. La jina nililiona jepesi, mpaka nilipogundua kwamba katika majengo mengi ya huko milango ya wapangaji haina namba, na mleta barua hufuata jina lililoandikwa kwenye kengele na kwenye kisanduku. Asiye na jina hapo, hayupo. Kwa wiki sita mimi sikuwapo. Barua zangu zilifika mpaka langoni, zikanikosa, zikarudi zilikotoka, na kila usiku mke wangu aliniuliza kwenye simu, "Baba watoto, umeipata ile yenye jua?"

Nilipojifunza kuyasoma matangazo, nilianza kuyapunguza masharti. Nyumba ya vyumba vitatu, kwa hesabu ya Wajerumani, ni sebule na vyumba viwili vya kulala, na jiko na bafu havihesabiwi kabisa, basi watoto wangu wakaanza kulala chumba kimoja humo humo daftarini kabla hawajapanda ndege. Kodi nayo imegawanywa kuwa ya baridi na ya joto. Nilidhani ya baridi hulipwa wakati wa kipupwe na ya joto wakati wa kiangazi, na nikaanza hata kuhesabu akiba nitakayoiweka kwa mwaka. Kumbe ya baridi ni ya kuta peke yake, na ya joto ni hiyo hiyo ikiongezewa gharama za kupasha nyumba joto, maji, uzoaji wa taka na utunzaji wa ngazi. Umeme, kwa kawaida, mtu anaulipia kwingine. Kila tangazo lililonivutia lilikuwa limeandika ya baridi kwa herufi kubwa na ya joto chini kabisa, kwa maandishi ya siafu.

Mwishowe alinionea huruma mzee mmoja wa kazini, mwenyeji wa hapo, ambaye alivaa koti lake la heshima na kunisindikiza kama mshenga. Sijui alisema nini, kwa kuwa Kijerumani changu wakati huo kilikuwa cha salamu na pole, lakini mwenye nyumba alicheka mara mbili, na siku tatu baadaye nikaitwa kutia saini mkataba. Kuhusu dhamana, sheria inasema isizidi kodi ya baridi ya miezi mitatu, na inamruhusu mpangaji kuitoa kwa mafungu matatu. Wenzangu wa kigeni kazini walihitaji kuelezwa jambo hilo kwa mchoro. Mimi niliyekulia katika mazungumzo ya mahari nililielewa papo hapo, nikatoa fungu la kwanza na kuapa kwamba mengine yanakuja.

Nyumba yenyewe iko Marzahn, upande wa mashariki, ambako maghorofa ya zege yalianza kupandishwa katika miaka ya 1970, mtaa ambao penseli yangu haikuwahi kuugusa hata kwa bahati mbaya. Nikiwa mtu wa haki, lazima nikiri kwamba masharti yalitimizwa. Kituo cha treni kiko karibu kiasi kwamba treni ya alfajiri hupita nami kitandani. Madirisha ya jua yapo, makubwa, yanatazama kusini. Ila nilihamia katikati ya Novemba, na Desemba jua la Berlin hutua kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo hutoka nikiwa njiani kwenda kazini na kuzama ningali kazini, na tumeonana Jumamosi mbili tu, kwa mbali, kupitia mawingu.

Utulivu ndio ulionishinda. Niliuomba kwa wino mwekundu, nao ukaja mwingi kuliko nilivyouomba. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni kimya, na Jumapili ni kimya kutwa. Jumapili ya kwanza, siku pekee niliyokuwa na nafasi, nilianza kutoboa ukuta ili nitundike pazia, na tundu la kwanza halijatimia nikasikia kengele. Alikuwa bibi mmoja wa ghorofa ya chini, mwenye nywele nyeupe na koti la nyumbani, ambaye alinyoosha kidole juu na kusema, "Bwana, leo ni Jumapili." Nikaomba radhi, nikaweka chini mashine, nikakusanya chupa tupu ili angalau niitumie siku hiyo kuzitupa katika mapipa ya vioo, jeupe kwa jeupe na kijani kwa kijani, kama nilivyofundishwa. Chupa ya kwanza ilipolia ndani ya pipa, dirisha lilifunguka juu yangu. "Bwana," ikaja sauti, "bado ni Jumapili."

Barua ya kwanza kunifikia kwa jina langu mwenyewe, baada ya majuma yote yale ya kutokuwapo, niliifungua kwa mikono inayotetemeka kwa furaha. Ilikuwa ya ada ya redio na televisheni, euro 18 na senti 36 kwa mwezi, ambayo kila nyumba hulipa hata kama haina redio wala televisheni. Kadi ya benki ilikuja siku tisa baadaye.

Nimeliacha jiko mwisho kwa kuwa bado linaniuma. Siku niliyokabidhiwa funguo, mwenye nyumba alinifungulia mlango wa jikoni kwa fahari, nami nikaona mabomba mawili yakichungulia ukutani, waya zikining'inia darini, na juu ya sakafu alama ya mraba mahali ambapo zamani palisimama kitu. Nikauliza sinki liko wapi. Akanijibu, huku akishangaa swali lenyewe, kwamba mpangaji aliyetoka ameondoka na jiko lake, kama ilivyo kawaida: makabati, sinki, taa na yote. Hapo nikaelewa kwamba sharti la tano lilitimizwa kuliko mengine yote, maana hakuna jiko kubwa kama lile lisilo na kitu. Niliagiza makabati na jiko la umeme katika duka la samani, wakanihesabia wiki nane, na tangu wakati huo mimi, mtu mzima mwenye mkataba wa kazi, napika nikiwa nimechuchumaa sebuleni juu ya jiko dogo la umeme la sahani moja, na vyombo naviosha bafuni.

Haya yote sikumweleza mke wangu. Kila alipouliza nilimjibu kwamba nyumba ni nzuri na jiko ni kubwa, jambo ambalo si uongo. Jana usiku akanibana.

"Baba watoto, niambie ukweli. Jiko lipo au halipo?"

Nikatazama kalenda iliyo ukutani, ambako tarehe 20 ya Januari nimeizungushia mara mbili, mara moja kwa ajili ya lori la duka la samani na mara moja kwa ajili ya ndege yake.

"Liko njiani, mke wangu," nikamjibu. "Linafika tarehe 20."

Simu ikanyamaza kidogo.

"Jiko lipi?" akauliza.